Kununua vifaa vya intaneti kwa kikundi: kipi mnunue pamoja, kipi kila mtu ajinunulie

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu: "Dada, tuungane watu wanne watano tuagize ONU kutoka China, bei ya hapa inatumaliza." ONU ni kile kisanduku kinachopokea faiba nyumbani kwa mteja. Nina mtandao mdogo wa faiba upande wa Kisauni na Bamburi, hapa Mombasa, na oda za pamoja nimezishiriki vya kutosha. Mtu akinipigia hivyo, kabla sijamjibu nataka kujua jambo moja tu: mnataka kununua nini hasa, kitu kinachoisha au kitu kinachodumu?

Vinavyoisha ni waya wa dropu unaotoka nguzoni hadi nyumbani, konekta, splita za kugawa mwanga, vishikizo vya nguzoni na ONU za nyumbani kwa wateja. Kila wiki fundi anatoka navyo stoo na harudi navyo. Vinavyodumu ni OLT, yaani mashine ya kwako inayoendesha ONU zote, ruta kuu, redio za mlingotini, mashine ya kuunga faiba. Vya kwanza nunueni pamoja, mtafaidi. Vya pili kila mmoja ajinunulie, hata kama muuzaji anawaonyesha punguzo la kutia mate mdomoni. Nitaeleza kwa nini, lakini tuanze na pesa, kwa sababu wengi huanza na imani.

Hesabu kwanza

Takwimu hizi ni za mfano, uweke zako. Tuseme unaagiza ONU 100 peke yako, kiwanda kinakupa kwa dola 12.50 moja, na dola ni shilingi 130. Hiyo ni 162,500. Meli na bima 25,000, jumla 187,500. Juu yake KRA inachukua ada ya tamko la uagizaji, yaani IDF, asilimia 2.5, na tozo ya reli, RDL, ambayo tangu mwisho wa 2024 ni asilimia 2. Kisha VAT asilimia 16. Tuseme msimbo wa HS, ile namba ya forodha ya aina ya bidhaa, wa kifaa chako hautozwi ushuru wa forodha; hilo umuulize wakala wako kabla ya kulipa chochote, kwa sababu msimbo mmoja ukiandikwa vibaya hesabu yote inageuka. Wakala, cheti cha ukaguzi, gharama za bandarini na lori: 40,000. Ukijumlisha yote, kila ONU imekufikia kwa takriban shilingi 2,660.

Sasa watu wanne mnaagiza 400. Kiwanda kinashuka hadi dola 10. Meli 60,000. Wakala na mengine hayapandi mara nne, yanafika labda 45,000, maana karatasi ni zilezile na foleni ni ileile. Kila moja inafika kwa takriban shilingi 1,860.

Ikiwa duka la jumla hapa nchini linauza ONU hiyohiyo kwa 2,300, VAT ikiwa ndani, basi ukiagiza peke yako umepata hasara, na mkiagiza pamoja mmeokoa 440 kwa kila moja. Na tazama unafuu ulikotoka. Bei ya kiwanda imechangia shilingi 325 kati ya zile 800 za tofauti. Gharama za wakala na bandari, ambazo hakuna anayezitaja kwenye kikao, zimechangia karibu 290. Kodi hazina huruma ya wingi: asilimia ni asilimia.

Lakini usikimbilie kushangilia hiyo 440. Katika kila mia, weka tatu zitakazofika zimekufa au zitakufa ndani ya mwezi, na kuzirudisha Shenzhen kunagharimu kuliko thamani yake. Duka la hapa lingekubadilishia kaunta. Ondoa hizo, akiba inashuka hadi kama 380. Halafu jiulize unafunga wateja wangapi kwa mwezi. Ukifunga 20, fungu lako la ONU 100 ni mzigo wa miezi mitano, na kabla yake pesa yako, kama 186,000, imekaa miezi miwili kiwandani na baharini. Mwenye mkopo wa benki afanye hesabu ya riba hapo. Mwenye kufunga 60 kwa mwezi hana cha kuogopa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa kikundi kipya ni huu: oda ya kwanza msiagize nje. Nendeni kwa msambazaji wa Nairobi au Mombasa mkiwa na oda moja ya watu wanne, mumwambie mnataka bei ya jumla, waranti ya kubadilishiwa na, mkiweza, siku 30 za kulipa. Mara nyingi atashuka hadi karibu na bei ya kuagiza wenyewe, na hamtakuwa mmegusa forodha. Mtakuwa pia mmejua nani kati yenu hulipa kwa wakati.

Kwa nini ruta kuu isiwe ya kikundi

Chukua ruta za MikroTik, maana wengi wetu tumeanzia hapo. Leseni ya RouterOS, programu yake, ya daraja la 4, iliyo ndani ya ruta ndogo ya hEX, inabeba wateja 200 wa PPPoE, yaani wanaoingia kwa jina na nywila. Daraja la 5, kama ya RB5009, inabeba 500. Daraja la 6, iliyo kwenye familia ya CCR, haina kikomo cha leseni. Sasa kwenye kikundi chenu mmoja ana wateja 120, mwingine 900. Punguzo la "nunueni tano za aina moja" litamfanya wa kwanza alipie nguvu asiyoihitaji, au wa pili anunue kitu kitakachomkwamisha kabla ya Ramadhani ijayo. Redio ni vilevile: anayerusha mawimbi kutoka jengo la Nyali kuvuka maji hadi ng'ambo hana haja sawa na anayeruka paa tatu mtaani.

Kuna hatari nyingine ambayo watu huipuuza. Mwaka 2018 uligunduliwa udhaifu katika Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik. Kampuni ilitoa dawa yake mwezi Aprili mwaka huohuo, lakini walioachwa bila kusasisha walikuwa wengi, na kufikia katikati ya mwaka ruta kwa maelfu, zikianzia Brazili, zilikuwa zimetekwa na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kupitia vivinjari vya wateja. Mtaa mzima wa watoa huduma ukiwa na sanduku la aina moja, toleo moja, na mara nyingi hata nywila moja kwa sababu fundi aliyezipanga ni mmoja, anayeingia kwa mmoja wenu ameingia kwa wote.

Nakiri upande wa pili una uzito pia: vifaa vikifanana, fundi wangu akiugua naweza kuazima wa jirani na akafanya kazi bila kuuliza swali. Kwa ONU faida hiyo inanitosha. Kwa ruta kuu hainitoshi.

Vipi mashine ya kuunga faiba na OTDR, kile kipima urefu na hitilafu za faiba? Ni ghali, na hushawishi watu kuchanga. Msichange. Mmoja anunue, awe mwenyewe, na wengine wakodi kwake kwa siku kwa bei iliyoandikwa. Mashine ya watu watano haina mtu wa kubadilisha kisu chake kikiisha makali, na siku lori limekata nguzo saa moja usiku mtaona wote watano mnaihitaji.

Kabla ya kuagiza

Kila mmoja aandike vitu hivi kwenye jedwali moja: OLT yake ni ya kampuni gani, modeli gani, toleo gani la programu, ni EPON au GPON (lugha mbili tofauti za faiba), moduli yake ya mwanga ni ya daraja gani. Bila jedwali hilo hakuna oda. ONU ya EPON haisemi na OLT ya GPON hata uipigie magoti. Wauzaji watawaambia "chukueni XPON, inaingia kote." Ni kweli inabadilika upande, lakini ziko OLT ambazo huikubali ONU ya kampuni nyingine nusunusu: taa ya PON inawaka kijani, mteja anapata intaneti, ila huwezi kuibadilishia jina la Wi-Fi ukiwa ofisini. Kwa wateja ishirini utavumilia. Kwa mia nne utaajiri mtu wa kupanda ngazi kila siku.

Kwa hiyo sampuli. Agizeni chache kwa ndege, kila mwanachama afunge kwenye mtandao wake mwenyewe, kwa mteja halisi, ikiwezekana aliye mwisho wa laini ambako mwanga umechoka. Muziache wiki kadhaa. Hapa Pwani ongeza jaribio la joto: iweke juu ya kabati chumba cha mabati saa nane mchana uone kama inajiwasha upya.

Mkubaliane pia juu ya rangi. Konekta ya kijani ni SC/APC, ya buluu ni SC/UPC, na mtu akichomeka moja kwenye nyingine mwanga unarudi na dB, kipimo cha nguvu yake, zinapotea. Kikundi kiwe cha kijani au cha buluu, si mchanganyiko, la sivyo boksi za mwenzako hazitakufaa siku ya dharura.

Waya wa dropu nao usiagizwe kwa bei tu. Ulizeni ndani una uzi wa chuma au wa FRP, plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Chumvi ya bahari inakula chuma. Waya uliovutwa mtaa unaotazama bahari hutoa kutu pale ulipochunwa, na fundi huona doa la hudhurungi kwenye kishikizo kabla mteja hajalalamika. Kwa Nakuru chuma kinatosha. Kwa Likoni mimi nalipia FRP. Na faiba ya ndani iwe ya aina ya G.657A, inayovumilia kona, kwa sababu nyumba zetu zina kona nyingi na fundi hana subira nazo.

Kabla ya malipo ya awali kiwanda kionyeshe kwamba kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kama hakijaidhinishwa, gharama na muda wa kuidhinisha viingie kwenye hesabu yenu, si baada ya mzigo kufika Kilindini.

Kuhusu usafiri, ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kipi kikubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, hizo ndizo kilo utakazolipia. ONU ni nyepesi lakini kisanduku chake kimejaa hewa. Mwambieni muuzaji azipange bila visanduku vya rejareja, adapta kando. Dropu ipande meli, ni nzito. Na anayetaka kuchanganya betri za lithiamu za UPS ndogo ndani ya mzigo huohuo mkatalieni. Tangu Aprili 2016 betri hizo zikisafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na katoni moja iliyofichwa inaweza kuuzuia mzigo wa watu wote.

Pesa ikae wapi, na jina la nani

Viwanda vingi huomba asilimia 30 mbele na 70 kabla ya kupakia. Msikusanyie kwenye M-Pesa ya mtu. Salio la juu kabisa ni 500,000 na muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hiyo mtaishia kukatakata malipo na kupotezana. Akaunti ya benki, watia saini wawili, basi.

Shilingi nayo ina mambo yake. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kabla ya Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyelipa awali Januari na kumalizia Machi alicheka, aliyelipa yote Januari hakucheka. Msibahatishe: andikeni kwamba kila mtu anadaiwa dola, atalipa kwa kiwango cha benki cha siku ya kutuma, na kila mmoja aweke asilimia 5 ya ziada itakayorudishwa ikibaki.

Kuna suala la PIN ya KRA ambalo limevunja urafiki zaidi ya bei. Mzigo unaingia kwa PIN moja. Mwenye PIN hiyo ndiye anayeweza kudai VAT aliyolipa bandarini. Ninyi wengine, ili mdai yenu, lazima awauzie kwa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, na tangu 2024 bila ankara hiyo hata gharama yenyewe KRA haiikubali. Akiwauzia, mauzo yake vitabuni yanapanda, na asiyekuwa amejisajili VAT anaweza kuvuka yale mauzo ya milioni 5 kwa mwaka yanayomlazimu kujisajili, bila kutarajia. Kwa hiyo anayeingiza awe tayari yuko kwenye VAT, na alipwe kitu kidogo kwa usumbufu wake. Anayefanya bure huchoka oda ya pili.

Je, mjisajili? Ushirika unahitaji angalau watu kumi, kampuni inahitaji vitabu na mhasibu. Kwa watu wanne au watano, mkataba wa kurasa mbili uliosainiwa mbele ya wakili unatosha kwa kuanzia. Ila kuna mpaka mmoja msiuvuke: Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kukubaliana bei au kugawana maeneo. Kikao cha ONU kisigeuke kikao cha "sote tuuze Mbps 10 kwa bei gani." Mtu akianzisha hilo, mwenyekiti afunge mada na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba amefunga. Oda zenu zikikua kiasi cha kugusa soko la mtaa mzima, mwulizeni wakili kuhusu kuomba idhini kwa Mamlaka ya Ushindani.

Wako wanaosema wapinzani hawawezi kukaa meza moja. KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti Kenya, kilianzishwa mwaka 2000 na watoa huduma waliokuwa wakinyang'anyana wateja hao hao, kikafungwa kwa malalamiko ya Telkom Kenya, kikafunguliwa tena 2002, na kipo mpaka leo. Inawezekana.

Lakini kukaa meza moja kuna gharama ya siri. Ukiagiza ONU 300 wakati kawaida yako ni 80, jirani yako amejua kwamba unaingia mtaa mpya, na ramani si kubwa, atakisia upi. Dawa yake ni mratibu asiyeuza intaneti, mhasibu au wakala wa mizigo, apokee idadi ya kila mmoja kwa siri na kutangaza jumla tu. Mzigo ugawiwe stoo kwa zamu, si siku moja wote mkitazamana.

Na mjue kwamba mkiwa na ONU za aina moja, mteja anayewahama anahama na kisanduku kilekile. Kwake ni rahisi, kwa mshindani wako rahisi zaidi. Andika namba ya serial ya kila moja chini ya jina la mwanachama siku ya kugawa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ONU isiyoandikwa utaikuta inawaka kwa jirani.

Siku ya kufungua mzigo

Usigawe katoni zikiwa zimefungwa. Chukua roli ya dropu, tafuta mwanzo wa waya usome namba ya mita iliyochapwa kwenye ganda, kisha upande wa ndani usome ya mwisho. Tofauti ndiyo urefu unaodaiwa. Halafu chuna, ingiza OTDR, weka kipimo cha kupinda kwa mwanga ndani ya faiba (IOR) kiwe 1.468, na usome. Roli iliyoandikwa mita 1,000 ikikupa 950, piga picha ya skrini pamoja na lebo kwenye fremu moja, hapohapo, kabla mtu hajaibeba. Upotevu kwenye mwanga wa nanomita 1310 usipite kama dB 0.35 kwa kilomita, ukiona 0.5 kuna kona ndani ya roli au faiba ni duni. Kunja waya mara moja kuzunguka kitu chenye unene wa kama sentimita 2 huku kipima mwanga kikisoma. G.657A halisi itatikisika kidogo tu. Ya bandia inadondoka mbele ya macho yako.

ONU zijaribiwe kumi kwa kila katoni, zichaguliwe na mtu wa katikati. Kisha kura. Mtu asichague katoni yake, hata aliyelipa mapema. Agizeni ziada ya tatu kwa kila mia kwa ajili ya mbovu, nazo zibaki rafu moja ya pamoja: aliyepata mbovu analeta, anasaini, anachukua nzima. Rafu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo faida kubwa kuliko punguzo lote, kwa sababu siku mvua ya masika imeunguza vifaa vya mtaa mzima, maduka yamefunga na mteja wa hoteli anapiga simu, kuna mahali pa kwenda.

Mwenzio asipolipa

Atatokea. Amelipa 30, na 70 inapodaiwa simu yake haipatikani. Liandikeni mapema: siku saba za neema, kisha fungu lake linatolewa kwa wanachama wengine kwa bei ileile; likinunuliwa anarudishiwa malipo yake ya awali ukiondoa gharama iliyosababishwa na ucheleweshaji, lisiponunuliwa malipo hayo yanafidia oda iliyopunguzwa. Kiwanda kikikataa kupunguza idadi, fungu linaingia rafu ya pamoja na linauzwa kwa yeyote kwa bei isiyopungua ile ya kufikia stoo, na anayeuza apate asilimia yake. Yeye mwenyewe akirudi baada ya mwezi na pesa mkononi, muuzieni, kwa bei ya duka.